Alama za Alhamisi

Kazini walimwita Hakimu, ingawa maishani mwake hakuwahi kukanyaga mahakamani hata kwa kutoa ushahidi. Alikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda cha nguo, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama mbele ya meza moja: meza ya kioo yenye taa chini yake. Jora la kitambaa linavutwa juu ya kioo polepole, mwanga unapenya katikati ya nyuzi, na yeye, chaki mkononi, anatafuta palipokosewa. Uzi uliokatika aliupigia mstari mmoja. Fundo mistari miwili. Doa la mafuta alilizungushia duara. Kila jora lina kadi yake, na kwenye kadi aliandika alama, sifuri mpaka kumi, kisha chini ya alama akaandika sababu.

Wageni wa kazi aliwafundisha mambo mawili. La kwanza, kasoro ikitokea mara moja, laumu uzi, endelea na kazi. Lakini ikijirudia, na nafasi kati ya moja na nyingine ikawa ileile, acha uzi, nenda kasimamishe mashine, kwa sababu mashine ndiyo mgonjwa. La pili, alama ikishaandikwa haifutwi. Mkaguzi akigundua kwamba alikiona kibaya kilicho kizuri, anakata kwa mstari mmoja unaosomeka, anaandika pembeni "kosa la mkaguzi", anatia sahihi. Katika miaka yote ile maneno hayo alikuwa ameyaandika mara nne tu, na hizo mara nne alizikumbuka tarehe zake.

Tabia hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Sebuleni, kwenye rafu ya chini ya runinga, palikuwa na kaunta buku la jalada gumu, na humo aliandika kila alichokitazama: tarehe, jina la kipindi au filamu, alama, sababu. Asubuhi, wakati wa chai, wafumaji walimzunguka wamsikie.

"Haya Hakimu, jana umetoa ngapi?" angeuliza mama wa mashine namba nne, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kushindana na mitambo.

"Nane."

"Nane ya nini na mimi nimecheka mpaka nimeshikwa na kwikwi?"

"Kwikwi haihesabiwi."

Kipindi kilichokuwa kikijadiliwa ni "Mzee Kufuli", kichekesho cha kila Alhamisi saa moja na nusu jioni. Mzee Kufuli ni mwenye nyumba ya ghorofa nne, anatembea na funguo arobaini kiunoni zikilia kama njuga, na katika funguo zote hizo hakuna siku anayoupata wa chumba chake mwenyewe. Wapangaji wake ni vituko vitupu. Hakimu alikipenda, lakini alikipenda kwa utaratibu. Kati ya alama kumi, tano zilikuwa zake: hadithi, maneno, uigizaji. Tano zilizobaki zilikuwa za mke wake, na hizo zilitolewa kwa kicheko.

Mke wake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Alikuwa na kicheko kinachotangulia. Kichekesho kikiwa bado njiani, yeye ameshakiona kinavyokuja, ameshaanza, na kicheko chake kinavuka ukuta mpaka kwa jirani, dereva mstaafu, ambaye naye anaanza kucheka upande wa pili bila kujua anachekea nini. Hakimu alikaa pembeni yake na penseli, kila kicheko akipiga kijiti kimoja ukingoni mwa ukurasa.

"Hicho umekiandika?" Mwalimu alimuuliza siku moja, akiinama kuchungulia daftari. "Baba watoto, hicho kilikuwa kikohozi. Kifute."

"Nimeshaandika. Haifutwi."

"Yaani nikikohoa nawapa watu alama! Wataniletea zawadi."

Hivyo ndivyo walivyoishi Alhamisi zao kwa misimu mitatu, watoto wakiwa wameshaondoka nyumbani, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho, binti yao, akiwa ameolewa mji mwingine.

Katika msimu wa nne, kuanzia sehemu ya nane, Hakimu alianza kuona kipindi kinashuka.

Sehemu ya nane aliipa saba. Aliandika: "Kicheko cha Mwalimu mara nne tu. Mwandishi amepwaya." Ya kumi aliipa sita. Ya kumi na mbili, ambayo mpangaji wa ghorofa ya nne anampandisha mbuzi kwenye lifti na lifti inakwama, Mzee Kufuli akiwa ndani na hotuba yake mkononi, hiyo aliipa tano. "Mwalimu kacheka mara moja, tena kwa kifupi. Kashika mto tumboni muda wote. Mzaha wa wanyama ni wa kitoto." Ya kumi na saba, nne: "Mwalimu kahamia kiti cha dirishani, anasema pana hewa. Anatazama nje kuliko ndani." Ya ishirini: "Mwalimu kaenda jikoni katikati ya kipindi, kakaa dakika tisa, karudi na macho mekundu, anasema vitunguu. Kipindi hakimshiki tena mtazamaji." Ya ishirini na nne aliipa mbili.

Kiwandani hawakumwelewa.

"Mbuzi kwenye lifti umempa tano?" Mama wa mashine namba nne aliweka kikombe chini. "Tano, Hakimu? Mume wangu alimwaga chai mapajani na akaendelea kucheka ameungua!"

"Kumwaga chai si kipimo."

"Basi hicho kipimo chako kimechakaa. Kipeleke kwa fundi."

Watu walicheka, naye akatabasamu kidogo, akijisemea moyoni kwamba watu siku hizi hawachagui, wakiwekewa chochote wanacheka. Binti yake alipopiga simu akasema, "Baba, msimu huu wamepatia, sisi huku tunavunjika mbavu," alimjibu, "Mwanangu, nyinyi bado ni vijana. Mama yako hajacheka wiki ya tatu hii." "Mama hajambo lakini?" akauliza. "Hajambo," akasema Hakimu. "Amechoshwa na kipindi."

Sehemu ya ishirini na sita, ya mwisho wa msimu, ilipata moja. Hiyo moja ilikuwa yake. Upande wa Mwalimu, ukingoni, hapakuwa na kijiti hata kimoja.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alitoa kwenye mkoba wake wa shule diski ya filamu.

"Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili kaniazima. Kasema inatisha."

"Wewe na vya kutisha wapi na wapi?"

"Nataka nione kama bado naogopa vya kwenye runinga."

Hakimu alivuta pazia, maana filamu yenyewe ilikuwa na giza mwanzo mpaka mwisho, hata sura za watu zilionekana nusunusu. Iliitwa "Kisima cha Nyuma". Mtu mmoja anarudi nyumbani jioni, viatu vimelowa, na mvua haijanyesha. Rafiki yake wa miaka mingi hapatikani tangu siku hiyo. Polisi wanakuja, wanauliza, wanaondoka. Mke wa yule mtu aliviona viatu tangu dakika ya kwanza. Alivisafisha, akavianika, hakusema kitu. Anapanga sahani mezani kila jioni, mbili, anakaa mkabala na mumewe, anamtazama anavyokula, kama anayesubiri. Miezi minne inapita hivyo, na mume hajui kwamba mke anajua.

Hakimu alijigeuzageuza kitini. Mara mbili alisema, "Tuizime?" na mara mbili Mwalimu alitikisa kichwa. Alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha dirishani, mto tumboni, hafumbi jicho. Filamu ilipokwisha, mumewe alifungua pazia, akachukua daftari, akaandika kwa muda, kisha akasoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi yao.

"Alama nne. Picha haionekani vizuri, muziki unachosha. Kasoro kubwa: mke anajua jambo zito na anakaa nalo miezi minne, na mumewe hashituki. Watu wanaokula meza moja na kulala kitanda kimoja. Haiwezekani."

Mwalimu alikuwa akitazama nje.

"Inawezekana," alisema.

"Miezi minne?"

"Inawezekana, baba watoto." Aliinuka taratibu, mkono mmoja ukishika ukuta. "Ngoja nikajinyooshe kidogo."

Hakimu alibaki na kalamu mkononi. Neno "haiwezekani" lilikuwa bado halijakauka wino. Alitaka kuongeza kitu chini yake, akakosa cha kuongeza, akafunua ukurasa wa nyuma, bila nia hasa, kama mtu anayetafuta pa kuweka macho. Ukurasa wa sehemu ya ishirini na sita. Kijiti hakuna. Akafunua tena. Ya ishirini na tano, hakuna. Ya ishirini na nne, hakuna. Ya ishirini, dakika tisa jikoni. Ya kumi na saba, kiti cha dirishani. Ya kumi na mbili, mto.

Kila wiki, mahali palepale. Kasoro moja, imejirudia mara kumi na tisa, nafasi kati ya moja na nyingine siku saba bila kupungua, nayo imeandikwa yote, kwa mwandiko safi, na mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Na mtu huyo wiki zote kumi na tisa alikuwa analaumu uzi.

Alikwenda chumbani. Mwalimu alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

"Mwalimu."

"Mm."

"Panauma wapi?"

Bila kugeuka, aliweka mkono chini ya mbavu za kulia. "Hapa. Nikicheka panakata kama wembe."

"Tangu lini?"

"Si wewe ndiye mwenye daftari?"

Hakimu aliketi ukingoni mwa kitanda. "Sehemu ya nane," alisema.

"Basi tangu ya nane."

Alimweleza yote kwa sauti ileile ya kufundishia, polepole, hatua kwa hatua. Alikwenda hospitali na yule mwalimu wa darasa la pili, siku ya mapumziko ya shule. Wakampiga picha, wakamrudisha tena, wakampiga nyingine. Uvimbe ulikuwa umeanza mahali pengine na sasa umeshafika kwenye ini. Daktari alimwambia dawa zilizopo ni za kutuliza. Karatasi zote alizificha shuleni, kabatini, chini ya vitabu vya kuhesabia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Sasa aligeuka. "Ungeniweka juu ya ile meza yako ya taa."

Hakimu alivuta shuka, akamfunika miguu.

"Ungenitazama kila nikimeza mate. Ungeandika. Nakujua. Mimi nilitaka siku moja tu katika wiki nikae na mtu asiyejua. Sasa wewe ukawa hujui vizuri mno." Alitaka kutabasamu, ikamshinda. "Ile ya jikoni nilisema leo ataona. Nimerudi macho mekundu. Ukaandika vitunguu."

Hakimu aliangalia mikono yake. Yalikuwepo mengi ya kusema, na mwanaume mwingine pengine angeyasema. Yeye alichosema ni hiki: "Kwa hiyo ile ya mbuzi ilikuwa nzuri?"

Mwalimu alishikwa na kicheko ghafla, akakikamata njiani, akakumbatia mto, akafumba macho mpaka maumivu yalipopita.

"Usinichekeshe, wewe! Ile ya mbuzi? Ile ilikuwa tisa. Mbuzi anapotafuna ile hotuba, na Kufuli anaendelea kuisoma kwa kukumbuka! Nilicheka yote kwa ndani."

"Kwa ndani sikuandika."

"Basi andika sasa."

Hivyo ndivyo kazi ile ilivyoanza. Zilikuwa sehemu kumi na tisa, kuanzia ya nane mpaka ya ishirini na sita. Hakimu aliomba likizo yake yote aliyokuwa ameilimbikiza. Kila jioni, dawa ya kutuliza ikishashika, aliketi kando ya kitanda na daftari gotini, akasoma alichokuwa amekiandika, na Mwalimu akakumbuka. Alikumbuka kila kitu, kama anavyokumbuka jina la mtoto aliyemfundisha miaka kumi iliyopita. Alieleza palipochekesha na kwa nini, akatoa alama. Mumewe alikata ya zamani kwa mstari mmoja, akaandika pembeni "kosa la mkaguzi", akatia sahihi, kisha akaandika mpya.

"Ya kumi na nne umenipa ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Nne. Niliandika, 'Jino la Kufuli ni mzaha mzee.'"

"Mzee ni wewe. Pale anapofunga jino kwa uzi kwenye kitasa, halafu anakumbuka ufunguo wa mlango ule hana? Nane. Na nusu."

"Nusu hatutoi."

"Mimi naumwa. Nipe nusu yangu."

Akaandika nane na nusu.

Hata filamu hawakuisahau. "Na ile ya kisima?" Mwalimu aliuliza siku mojawapo. Hakimu alikuwa ameshalikata lile neno "haiwezekani", na sahihi yake ilikuwa pembeni. "Nimeiachia wewe," alisema. Mwalimu akafikiri. "Ipe saba. Yule mama aliigiza vizuri. Ila mwisho wameuharakisha."

Binti yao alikuja na begi, akahamia. Siku ya kwanza alimkemea baba yake uani, kwa sauti ya chini ili mama asisikie. "Baba, mtu anaumwa hivi, wewe unamsomea vichekesho?" Lakini jioni binti alisimama mlangoni akasikia mama yake anavyosema, "Ngoja, ngoja, umeruka pale kwenye ngazi," akavuta kigoda, akaketi nao. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akishika mto.

Ilikuwa inakwenda sehemu moja kwa jioni, halafu moja kwa jioni mbili. Ya kumi na nane ilichukua jioni tatu, kwa kuwa Mwalimu alisinzia katikati ya sentensi, na akiamka anaanza upya, hataki kurukishwa. Hakimu alimwona anavyopungua. Alijua kuhesabu, na alihesabu: zimebaki sehemu ngapi, na jioni ngapi. Kwa mara ya kwanza maishani alijaribu kuharakisha ukaguzi.

"Tufanye mbili leo," alisema. "Ya ishirini na moja na ya ishirini na mbili."

"Kazi mbovu hiyo," Mwalimu alinong'ona. "Moja moja."

Ya ishirini na moja ilikuwa ya kasuku. Mpangaji wa ghorofa ya pili amenunua kasuku aliyejifunza sauti ya Mzee Kufuli, na ndege anakaa dirishani kutwa akifoka, "Nani kagusa mlango wangu?" mpaka Kufuli mwenyewe anajiogopa. Hakimu alikuwa ameipa tatu. Mwalimu alilala kimya muda mrefu hata binti akainama kumsikiliza pumzi. Kisha midomo ikasogea.

"Kumi," alisema.

"Kumi hatujawahi kutoa," alisema Hakimu.

"Ndiyo maana."

Aliandika kumi. Alipoinua macho, Mwalimu alikuwa amesinzia, na kwenye pembe ya mdomo palikuwa na kitu ambacho mumewe, baada ya kufikiri, alikipigia kijiti ukingoni.

Siku mbili hakuzungumza. Siku ya tatu, asubuhi, binti akiwa anafungua dirisha, Mwalimu aliondoka.

Watu walikuja, wakajaa sebule na ua. Wafumaji walikuja na sare zao za kazi, zamu nzima, na mama wa mashine namba nne, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alimshika Hakimu mikono miwili akakosa hata neno moja. Watoto wa darasa la kwanza waliletwa kwa mstari. Dereva mstaafu wa upande wa pili wa ukuta alikaa karibu na mlango siku zote tatu za matanga, akimwambia kila aliyekuja, "Nilikuwa nacheka naye, unajua. Miaka yote nilikuwa nacheka naye."

Wageni walipokwisha kutawanyika, binti alibaki wiki moja zaidi kumsaidia baba kupanga vitu. Jioni moja alimkuta mezani na kaunta buku. Alikuwa amefika ukurasa wa sehemu ya ishirini na mbili. Alama yake ya zamani, mbili, alikuwa ameikata kwa mstari mmoja unaosomeka. Pembeni ameandika "kosa la mkaguzi". Sahihi. Akafunua, akafanya vivyo hivyo kwa ya ishirini na tatu, na nne, na tano, na sita. Kurasa tano. Kisha akaweka kalamu chini, nafasi ya alama mpya ikiwa tupu katika zote.

Binti aliketi mkabala naye.

"Baba, weka tisa. Zote weka tisa. Mama angesema tisa."

"Labda."

"Ile ya mwisho, wanapomfungia Kufuli nje ya nyumba yake? Mama angeipa tisa, mimi najua."

"Labda hata kumi." Alipangusa jalada kwa kiganja, ingawa halikuwa na vumbi. "Lakini sikumsikia akisema."

Aliacha daftari wazi kidogo, wino ukauke, kisha akalifunga, akalirudisha kwenye rafu chini ya runinga. Ilikuwa Alhamisi. Upande wa pili wa ukuta, jirani aliwasha runinga yake, na wimbo wa "Mzee Kufuli" ukaanza, marudio ya msimu uliopita. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo, akapunguza sauti haraka mpaka usiusikie.

Hakimu aliinuka, akagonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Ongeza, bwana," alisema. "Ongeza tu."